Kumkata mbwa sauti: muswada huponea au hufia kwenye kifungu cha msamaha

Mtu akikaa kuandika muswada wa kupiga marufuku upasuaji wa kuwanyamazisha mbwa na paka, mara nyingi kalamu hukimbilia adhabu: jela miaka mingapi, faini kiasi gani. Adhabu ndiyo inayopendwa na magazeti, na ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kazi ngumu imo katika maneno machache: ni kitu gani hasa kinakatazwa, nani anashikwa, na daktari anaruhusiwa lini (hicho ndicho kifungu cha msamaha). Mfano nitakaoutumia ni sheria ya Massachusetts, Marekani, iliyotiwa saini na gavana Deval Patrick Aprili 2010. Huitwa Sheria ya Logan, kwa jina la mbwa wa maonyesho aliyekatwa sauti kisha akatelekezwa.

Tuanze na upasuaji wenyewe, maana mwanaharakati asiyeujua huangushwa na swali la kwanza la kamati.

Njia ziko mbili. Ya kwanza hupitia mdomoni. Mnyama hupewa nusukaputi, taya zikatanuliwa, ulimi ukavutwa mbele, kisha daktari huingiza koleo refu na kunyofoa kipande cha kila uzi wa sauti. Hakuna mshono, na kwa nje hakuna kidonda. Njia ya pili hupasua shingo kwa chini na kuligawa gegedu la koromeo katikati, nyuzi zikatolewa karibu zote, na utando ukashonwa juu ya jeraha. Hii ya pili ni kubwa zaidi, lakini sauti hairudi kirahisi.

Watu wengi hudhani mbwa akishakatwa huacha kubweka. Haachi. Kilichomfanya abweke, iwe woga, upweke au kuchoka kufungiwa, kiko palepale. Anarusha kichwa, anafumbua kinywa, anabweka kwa nguvu zake zote, ila kinachotoka ni mkwaruzo kama wa mtu aliyekaukiwa na sauti kwa mafua. Na aliyekatwa kupitia mdomoni huenda sauti ikamrudia kwa kiasi baada ya miezi kadhaa, kovu linapokomaa na kuanza kutetema. Hapo mwenye mbwa humrudisha akatwe tena.

Hatari kubwa ni hilo kovu. Baada ya kukatwa, kingo mbili mbichi hutazamana ndani ya njia nyembamba. Zikigusana upande wa mbele, pale nyuzi zinapokutana, hushikana zinapopona na kujenga utando unaoziba sehemu ya njia ya hewa. Ndiyo sababu wapasuaji makini huacha kipande kidogo cha mbele bila kukigusa. Utando ukishajengeka, mbwa hupumua kama anayevuta hewa kwa mrija. Sasa kumbuka kwamba mbwa hajipozi kwa jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Siku ya joto kali, au akikimbia, njia iliyosinyaa haimtoshi. Zaidi ya hayo, nyuzi zile husaidia kuilinda njia ya hewa mnyama anapomeza. Maji au chakula vikipotea njia vikaingia mapafuni, kinachofuata ni nimonia.

Lakini upasuaji wa aina hiyohiyo pia ni tiba, na hapa miswada mingi hujikwaa. Mbwa mwenye koromeo lililopooza, hasa mzee wa mbegu kubwa, anaweza kukatwa nyuzi ili apate kupumua. Mwenye uvimbe hapo lazima utolewe. Muswada unaokataza kila kitu utapingwa na madaktari wa wanyama, na watakuwa na haki. Kwa hiyo msamaha hauepukiki. Swali ni unauandikaje.

Ukiandika “isipokuwa daktari akiona inafaa,” hujakataza chochote. Sheria ya Massachusetts inataka mambo mawili: mkataji awe daktari mwenye leseni, na upasuaji uwe wa lazima kitabibu, ili kutibu au kupunguza ugonjwa, jeraha au kasoro ya kuzaliwa nayo, inayomletea au inayoweza kumletea mnyama maumivu au madhara ya mwili. Maneno “mnyama” na “mwili” yameshika zamu mlangoni. Jirani aliyekosa usingizi si mnyama huyo, na kelele si ugonjwa wa mwili. Kwangu mimi, sentensi hiyo ina uzito kuliko miaka yote mitano ya jela iliyotajwa kwenye kifungu cha adhabu. (Adhabu kamili ni hadi miaka 5 katika gereza la jimbo, au miaka 2 na nusu katika gereza la kaunti, au faini isiyozidi dola 2,500, au faini pamoja na kifungo.)

Tafsiri ya kosa nayo isomwe kwa makini. Inagusa utaratibu wowote kwenye koromeo au nyuzi za sauti unaopunguza au kuondoa sauti. Kitoe kitenzi “kupunguza” uone: kila mshtakiwa atamleta mbwa wake mahakamani, mbwa atakwaruza koo kidogo, na wakili atasema huyu ana sauti, kesi ifutwe. Na anayeshikwa ni anayefanya au anayesababisha ifanyike. Bila hilo la pili, mfugaji anayeagiza mbwa kumi wakatwe ananawa mikono, daktari anabaki peke yake kizimbani.

Halafu kuna daftari. Daktari anayefanya upasuaji huu lazima atunze kumbukumbu kwa miaka 4 tangu alipomhudumia mnyama huyo mara ya mwisho: jina na anwani ya mwenye mnyama, jina na anwani ya aliyelipa, maelezo ya mnyama pamoja na uzito, tarehe na saa, sababu, na vipimo au maoni ya kitabibu yanayounga mkono sababu hiyo. Bodi ya madaktari wa wanyama inaweza kuzikagua. Angalia jinsi mwenye mnyama na mlipaji walivyotenganishwa. Pia, kwa vile njia ya mdomoni haiachi alama nje, bila karatasi hizo ushahidi unabaki ndani ya koo, na kuuona kunahitaji kumlaza mnyama tena kwa dawa.

Mahali pengine mlango umeachwa wazi kwa namna mbalimbali. Pennsylvania, jimbo jingine la Marekani kama Ohio na California, inataka tu daktari mwenye leseni na nusukaputi. Huo ni utaratibu, si marufuku. Ohio inakataza kwa mbwa hatari, na hoja ni ya usalama: mbwa mkali asiyetoa onyo. California iliwabana wenye nyumba, wasimdai mpangaji amkate mnyama sauti au kucha ili apate chumba. Mkataba wa Ulaya wa kulinda wanyama wa nyumbani, wa 1987, unakataza ukataji wa sauti katika ibara ya 10, na nchi inayojiunga hairuhusiwi kujiondoa kwenye katazo hilo kama inavyoruhusiwa kwa katazo la kukata mikia. Lakini ibara hiyohiyo inamruhusu daktari kwa sababu za kitabibu “au kwa manufaa ya mnyama fulani.” Mimi nisingeyaiga maneno hayo, kwa sababu ndipo inapopenya hoja inayosikika kila kamati inapokaa: afadhali akatwe kuliko mwenye mbwa achoshwe na kelele amtupe, kisha auawe.

Hoja hiyo jiandae nayo mapema, kwani muda wa kuzungumza mbele ya kamati ni dakika chache. Jibu ni kwamba kisu hakimlazimishi mtu kubaki na mbwa. Logan mwenyewe alikatwa na bado akatelekezwa. Usipeleke mashahidi wanane wanaolia jambo moja. Peleka daktari anayefanya kazi ya koromeo, mtu aliyewahi kulea mbwa aliyekatwa, na rekodi ya sauti ya nusu dakika. Mkwaruzo ule ukisikika ukumbini, wajumbe huacha kupekua karatasi.

Kwa upande wa taratibu, Massachusetts ina wepesi wake: mwananchi yeyote anaweza kuwasilisha muswada kupitia mbunge wake, na wa Logan ulianzishwa na mwanafunzi wa sekondari wa mji wa Needham. Kamati ikitaka kuuzika muswada huenda isiukatae. Huupeleka “ukafanyiwe utafiti,” na huko haurudi. Jina la shahidi daktari liwe mezani kabla ya hatua hiyo.

Pengo ambalo sheria ya 2010 haikulitaja ni mpaka. Mtu anaweza kumpakia mbwa garini asubuhi, akavuka kwenda jimbo lisilokataza, akarudi naye jioni. Ningeandika upya leo, baada ya “anayesababisha ifanyike” ningeongeza: “au anayemsafirisha mnyama nje ya jimbo kwa nia hiyo.”