Muhtasari wa filamu hauhitaji tanbihi: ondoeni hicho kigezo

Kimebandikwa tena. Makala ya filamu kwenye Wikipedia imepelekwa kukaguliwa, mkaguzi kaifungua, kakuta sehemu ya hadithi ina aya nne bila tanbihi hata moja, na papo hapo kaweka kigezo (kile kibandiko cha onyo juu ya sehemu) cha "haina vyanzo". Wa pili kaja, kaona kigezo, kafuta aya mbili. Wa tatu, kwa nia njema kabisa, kazirudisha zikiwa zimejaa tanbihi za mapitio ya magazeti. Makala sasa ni mbovu kuliko ilivyokuwa, na wote watatu wanaamini wameisaidia.

Tuelewane. Chanzo cha muhtasari wa filamu ni filamu yenyewe. Jina lake, mwongozaji na mwaka vimo kwenye sanduku la habari pale juu. Msomaji anayetilia shaka kwamba dada mkubwa ndiye aliyechoma barua anajua pa kwenda kuhakikisha. Mwongozo wa filamu wa Wikipedia ya Kiingereza unalisema hili waziwazi, na unaweka na urefu: maneno 400 hadi 700. Nukuu ya neno kwa neno ndiyo huwekewa rejeo, na rejeo hilo linaweza kuwa filamu hiyohiyo pamoja na dakika yake. Kinachobaki hakidai namba kwenye mabano.

Ila ruhusa hii ina mpaka, na wanaoitetea ndio mara nyingi wanaouvuka. Filamu ni chanzo cha kinachoonekana na kusikika ndani yake. Maana ya vitu hivyo ni suala jingine. Nimetunga sentensi ya mfano, lakini ndugu zake wamejaa kila mahali:

"Akiwa amejawa na majuto, Salma anamsamehe baba yake na kumwachia ufunguo, ishara kwamba ameyakubali yaliyopita."

Kwenye skrini kuna nini? Salma anaweka ufunguo mezani mbele ya baba yake, anatoka. Basi. Majuto kayaleta mhariri, msamaha kauleta mhariri, na hiyo "ishara kwamba" ni maoni yaliyovaa nguo za maelezo. Iandike hivi: "Salma anaweka ufunguo mezani mbele ya baba yake na kuondoka." Maneno yamepungua, na hakuna wa kukudai chanzo. Unapokagua, tafuta kwenye ukurasa mzima maneno kama "akiashiria", "ishara", "inaonekana", "kwa kejeli", "hatimaye anatambua". Kila linapotokea, rudi kwenye filamu, simamisha picha hapo, ujiulize ni nani anayetambua: mhusika au wewe.

Nakiri mpaka wenyewe si mstari wa rula. "Analia" ni maelezo. "Analia kwa uchungu" wakati mwanawe amezikwa sasa hivi? Mimi naliacha. "Analia kwa hatia"? Nalitoa, isipokuwa awe amesema mwenyewe. Mkaguzi mwingine mzuri angekata kote kuwili, na sina kanuni ya kumshinda nayo.

Miisho yenye utata ndiyo inayovunja watu. Inception (2010) inaisha hivi: Cobb anaizungusha pia mezani (ile ya kuchezea), anawaendea watoto wake, na picha inakatika pia ikiwa bado inazunguka. Sentensi yako iishie hapo. Anayeandika kwamba amerudi kwenye uhalisia na anayeandika kwamba bado yumo ndotoni wamefanya kosa lilelile, hata wakirudishiana mabadiliko hadi ukurasa ufungwe. Mabishano hayo yana nafasi yake, sehemu ya tafsiri na uchambuzi, na huko tanbihi ni lazima kwa kila dai, na mwenye dai atajwe.

Rashomon (1950) ni mtego wa aina nyingine. Jambazi, mke, samurai aliyekufa akisema kupitia mganga, na mkata kuni wanasimulia kifo kilekile kila mmoja kivyake. Ukiandika "jambazi anamuua samurai", umeisingizia filamu jambo ambalo haikulisema. Andika "kwa maelezo ya jambazi", kisha "kwa maelezo ya mke", na uvumilie kurudiarudia. Ni heri sentensi ichoshe kuliko idanganye.

Halafu kuna matoleo. Blade Runner ya 1982 ilitoka sinemani na sauti ya msimulizi na mwisho wa safari ya kutoka mjini. Toleo la mwongozaji la 1992 likaondoa vyote viwili na kuongeza ndoto ya farasi mwenye pembe moja. 2007 likaja jingine. Wahariri wawili wanaweza kugombana mwezi mzima kuhusu muhtasari huku kila mmoja ana diski tofauti. Jambo la kwanza kuuliza kwenye ukurasa wa majadiliano ni "umetazama toleo gani?" Kwa kawaida muhtasari hufuata toleo lililotoka kwanza, tofauti zikapelekwa sehemu ya matoleo, zikiwa na vyanzo.

Na upo wakati ambapo mbandika kigezo ana haki. Filamu isiyokuwepo haiwezi kuwa chanzo. London After Midnight ya 1927 imepotea. Nakala ya mwisho iliyojulikana iliteketea katika ghala la studio ya MGM miaka ya 1960. Hakuna anayeweza kusema "nimeitazama", kwa hiyo kila sentensi ya hadithi yake inahitaji mapitio ya wakati ule, au mswada wa filamu. Filamu ambayo bado haijatoka ni vilevile. Metropolis, ya 1927 pia, imekaa katikati: nakala ndefu ilipatikana Buenos Aires mwaka 2008, lakini hata urejeshaji wa 2010 una vipande vinavyoelezwa kwa maandishi tu. Vipande hivyo mimi ningeviwekea tanbihi.

Kwa nini basi nalalamika mtu akiongeza tanbihi za magazeti pasipodaiwa? Si zinaongeza uhakika? Haziongezi. Mwandishi wa mapitio mara nyingi ameiona filamu mara moja, gizani, na anaandika usiku uleule. Atachanganya majina ya ndugu wawili, atageuza mfuatano wa matukio, na atanyamaza kuhusu mwisho ili asiwaharibie watazamaji. Sentensi yako sahihi ikishafungwa kwenye chanzo chenye kosa, mhariri mwaminifu atakayekuja kuilinganisha na chanzo ataigeuza iwe kosa. Muhtasari wa tovuti ya filamu ya IMDb ndio usiguse kabisa: huandikwa na watumiaji, na baadhi ya hayo yametoka kwenye makala unayoikagua.

Kunyofoa matangazo ya msambazaji yaliyonakiliwa kwenye muhtasari ni kazi nyingine. Dalili zake ni sifa zisizoisha na swali la mwisho: "Je, atafanikiwa kabla muda haujaisha?" Hiyo ni hakimiliki ya watu, haipambwi, inafutwa. Tafuta mtandaoni sentensi moja ndefu ikiwa kwenye alama za mtajo. Ikitokea kwenye tovuti nyingine usikurupuke. Fungua historia ya mabadiliko uone iliingia lini na kwa umbo gani. Iliyokua kidogokidogo kwa marekebisho ya watu wengi, huenda tovuti hiyo ndiyo iliyonakili kwetu. Iliyoingia nzima kwa mhariri mmoja, pamoja na nafasi mbili baada ya nukta, unajua imenakiliwa.

Kupunguza muhtasari wa maneno 1,300 hadi 650 si kufupisha kila sentensi. Andika kwanza mwisho kwa mstari mmoja. Panda juu tukio kwa tukio: bila tukio hili, mwisho bado unaeleweka? Kama ndiyo, linatoka, hata kama ndilo unalolipenda. Ufukuzanaji wa magari wa dakika kumi na mbili ni sentensi moja. Mzaha wa mpishi ni sifuri. Tumia wakati uliopo, na usifiche mwisho. Hii ni kamusi elezo.

Sehemu zinazodai vyanzo kweli ndizo wakaguzi wanazozipita mbio. "Ilipokelewa vizuri na wakosoaji", bila kitu, na hakuna kigezo! Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya mapitio, ni idadi ya wakosoaji walioipenda, si alama: filamu ambayo kila mmoja kaipa sita kwa kumi inaweza kupata 100. Mapato ukitoa bajeti hayakupi faida, kwa sababu majumba ya sinema huchukua sehemu yao na matangazo hayamo kwenye bajeti. Urefu ulioandikwa dakika 96 badala ya 100? Mtu kasoma diski ya PAL (mfumo wa video wa Ulaya), inayokimbiza fremu 24 za kila sekunde kwa 25.

Ukikuta kigezo kile, soma muhtasari dhidi ya filamu kwanza, toa tafsiri zote, kisha ndipo ukiondoe. Kwenye maelezo ya hariri andika "filamu ndiyo chanzo, tafsiri zimeondolewa" na utaje toleo. Ukikiondoa bila kusafisha, aliyekibandika atakirudisha, na safari hiyo atakuwa na nusu ya haki.