Mgonjwa Ndiye Ajuaye Kama Amesikilizwa

Sisi tunaofundisha uuguzi huulizwa mara kwa mara: presha ina mashine yake, lakini moyo wa muuguzi kwa mgonjwa, yaani kuelewa anachopitia na kumwonyesha hivyo, utaupima kwa kitu gani?

Vipimo vipo. Kinachojulikana sana ni dodoso la Jefferson, lililotungwa Philadelphia, Marekani, na Mohammadreza Hojat na wenzake, likachapishwa mwaka 2001. Lina kauli 20. Muuguzi huchagua namba kati ya 1 na 7 kwa kila kauli, kwa kadiri anavyoikubali, na jumla huangukia kati ya 20 na 140. Nusu ya kauli zimegeuzwa makusudi, ili anayekubali kila kitu bila kusoma asiondoke na alama za juu.

Shida yake ni kwamba muuguzi anajipima mwenyewe. Mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba kusikiliza ni sehemu ya tiba, lakini saa nane usiku, wodi imejaa na yuko peke yake zamu, akampita mgonjwa anayeita.

Ndiyo maana mimi naegemea zaidi kipimo cha CARE cha Stewart Mercer wa Scotland, cha mwaka 2004. Kilianza kwa madaktari, baadaye kikatumika kwa wauguzi pia. Hapa anayejibu ni mgonjwa. Maswali ni 10: alikuacha ueleze yako? Alikusikiliza kweli? Alikufafanulia ukaelewa? Kila jibu lina alama 1 hadi 5.

Lakini hata mgonjwa huficha. Atakayempa dawa jioni ni sista yuleyule, basi atasema tu "ananihudumia vizuri." Aulizwe siku ya kuruhusiwa, na mtu asiye wa wodi ile; na mgonjwa asiyejua kusoma asomewe faraghani.

Kuyatafsiri maswali hayo kwa Kiswahili nako kuna mtego. Ukiandika "alikuonea huruma?" umeuliza jambo jingine kabisa. Mama ambaye mimba yake imetoka huonewa huruma na wodi nzima, na bado anaweza kurudi nyumbani bila mtu kumuuliza anaogopa nini. Swali hilo la hofu ndilo ningetaka liwe kwenye dodoso, kwa maneno ambayo bibi angeyaelewa bila mkalimani.

Na alama zikishuka kwa wodi nzima, kabla ya kumwita muuguzi yeyote ofisini, fungueni ratiba ya zamu muone kila mmoja alikuwa na wagonjwa wangapi.