Difu: kwa nini gurudumu moja huzunguka bure lori linapokwama

Lori la mchanga linalokwama likipanda kutoka kingo za Mto Sabaki wakati wa masika huwa na sura moja: gurudumu la nyuma la upande mmoja linazunguka kwa kasi na kurusha tope, ilhali la upande wa pili, lililokanyaga ardhi kavu, limetulia tuli. Watazamaji husema difu imekufa. Mara nyingi difu hiyo ni nzima kabisa, na inafanya kazi ile ile iliyoundiwa.

Difu, au kwa jina kamili difrensheli, ni mkusanyiko wa gia ulio ndani ya bonge la chuma katikati ya ekseli, ambao hupokea mzunguko kutoka kwenye propela shafti, yaani chuma kirefu kinacholeta mzunguko wa injini hadi nyuma, na kuugawa kwa shafti mbili za magurudumu. Haja yake huonekana kwenye kona. Lori linapoiacha barabara ya Malindi kwenda Garsen na kukata kuingia Mambrui, gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani, na lau yote mawili yangekazwa kwenye shafti moja, mojawapo lingeburuzwa, tairi zikalika na shafti ikalemewa. Difu huyaruhusu yatofautiane mwendo. Gurudumu moja likisimama kabisa, la pili huzunguka mara mbili: ikiwa gia kubwa ya difu inazunguka mara 60 kwa dakika, gurudumu la topeni litazunguka mara 120.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni kwamba difu ya kawaida hugawa mwendo kwa tofauti, lakini nguvu ya kuzungusha huigawa sawa kwa sawa daima. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba tope linahimili nguvu ya 500 kabla gurudumu halijateleza, na ardhi kavu inahimili 5,000. Kwa kuwa upande wa tope hauwezi kupokea zaidi ya 500, upande mkavu nao utapewa 500 tu, na lori lote litasukumwa kwa 1,000. Kuongeza mafuta hakusaidii kitu. Gurudumu huchimba shimo, na tairi hupata moto.

Dawa ya zamani ni kufunga difu. Dereva hubonyeza swichi, shafti mbili zikashikana na kuwa kama moja, na kila upande ukapokea kadiri ardhi yake inavyohimili: 500 kwa tope na 5,000 kwa kavu. Lori lenye ekseli mbili za nyuma zinazosukuma huwa pia na difu ya tatu kati ya ekseli hizo, nayo ina kufuli yake. Kufuli hizi hufungwa gari likiwa limesimama au likitambaa, wala si wakati gurudumu linazunguka kwa kasi, kwani meno huvunjika; na ni lazima zifunguliwe kabla ya kurudi lamini, kwa sababu lori lililofungwa difu hukataa kona na kutaka kwenda moja kwa moja.

Mfumo wa kuzuia magurudumu kuteleza, ambao madereva huuita trakisheni kontroli, hupita njia nyingine, na mimi naiona kuwa ya ustadi mkubwa. Vihisio vya mwendo, vile vile vinavyotumiwa na breki za kisasa, humjulisha kompyuta kwamba gurudumu moja limekimbia mno, naye hulifunga breki hilo peke yake. Breki ikilizuia kwa 2,000, difu huhisi upande huo una ukinzani wa 2,500, na kwa kuwa hugawa sawa, upande mkavu nao hupata 2,500. Msukumo unaofika ardhini sasa ni 3,000. Wanaoendesha trekta zenye pedali mbili za breki, moja kwa kila gurudumu la nyuma, wamefanya hivyo kwa mguu miaka mingi. Breki ya kawaida ya lori haiwezi, kwa kuwa hukaba pande zote mbili, na inachotoa huku hukinyang'anya kule.

Mfumo huo pia hupunguza nguvu ya injini, na hapo ndipo unapoudhi kwenye mchanga mkavu wa pwani, ambako gari huhitaji kwenda bila kukatiza mwendo. Kwa sababu hiyo magari mengi yana swichi ya kuuzima au kuulegeza.

Na magurudumu yote yakiwa ndani ya tope lile lile, 500 huku na 500 kule, kufuli na breki haziongezi chochote. Hapo utingo hushuka na sepetu, akachimba mbele ya tairi na kutandika mawe au makuti, ili ardhi yenyewe ipate kuhimili zaidi.