"Andika Likoni Tu": Dhana Potofu Kuhusu Usajili wa Saratani

Kazi yangu ni kusajili wagonjwa wa saratani hapa Mombasa, na wiki haipiti bila kulisikia jibu hilo. Mama ametoka Kinango, kaunti ya Kwale, amelala kwa shangazi yake Likoni, Mombasa, ili awahi kivuko alfajiri, na nikimuuliza anaishi wapi ananijibu, "Andika Likoni tu, mwanangu." Wengine huhofia kwamba wakitaja kijiji cha mbali watarudishwa hospitali ya kwao. Jamani, swali langu si la foleni! Nauliza ulikuwa ukiishi wapi ugonjwa ulipogunduliwa.

Kiwango cha saratani ni wagonjwa wapya wa eneo fulani kwa mwaka, wakigawanywa kwa wakaazi wa eneo hilohilo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa na 866,820 Kwale. Mama huyu yumo kwenye hesabu ya Kwale. Nikimwandika Likoni, Mombasa inazidishiwa mgonjwa na Kwale inapunguziwa. Wakirundikana wa namna hiyo, watu huanza kusema mji huu una sumu, na anayepanga wapi kina mama wapimwe shingo ya kizazi haoni sababu ya kufika Kinango. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi, nayo wasichana wa miaka 10 wanapewa tangu 2019. Miaka ijayo tutajuaje imepunguza saratani Kwale, ikiwa wagonjwa wa Kwale tumewaandika Mombasa? Kosa hili ni gumu kulisahihisha baadaye, maana jalada lisemalo Likoni halina dalili yoyote ya Kinango. Kwa hiyo nitajie kata, kijiji na chifu wenu. Na jina liwe lile la kwenye kitambulisho, kila hospitali: Mwanajuma huku, Mwana Juma kule, mtu mmoja anahesabiwa wawili.

"Imeingia kwenye ini, basi ni saratani ya ini." Hapana. Iliyoanzia kwenye titi ikafika kwenye ini husajiliwa kuwa ya titi. Chanzo kisipojulikana, ipo namba maalumu ya kuandika hivyo. Msibahatishe.

"Nikisajiliwa mtaa mzima utajua." Jina hutumika kuzuia mtu asihesabiwe mara mbili. Ripoti hutoka na idadi, umri, jinsia na eneo, bila jina la mtu. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

"Ameshazikwa, aandikwe wa nini?" Hili linaniuma. Huku kwetu mtu hufa asubuhi akazikwa alasiri, na naibu wa chifu akiuliza marehemu aliugua nini huambiwa "presha" au "aliugua muda mrefu". Kwa aliyefia nyumbani, huenda kuripotiwa kwa kifo chake ndiyo nafasi ya mwisho ya saratani yake kujulikana. Majibu ya baiopsi, yaani kipimo cha kipande cha nyama kilichotolewa mwilini, yawekeni pamoja na kitambulisho cha mgonjwa, na anayefuata kibali cha mazishi ayabebe yote mawili.