Paulo hakukimbia maratoni, na mengine tunayoyachanganya kuhusu mbio na imani

Wakristo tunaokimbia tuna aya zetu. Tunazichapisha kwenye fulana, na siku ya mashindano wengine huziandika kwa kalamu kwenye mkono. Sina ugomvi na aya. Ugomvi wangu ni na yale tunayoyabandika juu yake.

Tunapenda kusema Paulo alikuwa akizungumzia maratoni. Hapana. Mashindano ya maratoni yalianza Athens mwaka 1896, na umbali wa kilomita 42.195 ulikimbiwa mara ya kwanza London mwaka 1908. Paulo anapowaandikia Wakorintho kwamba wote hupiga mbio lakini apokeaye tuzo ni mmoja, neno lake la Kigiriki ni stadion, yaani uwanja, na hilohilo lilikuwa jina la mbio fupi kuliko zote: urefu wa uwanja mara moja, kama mita 192 kule Olympia. Karibu na Korintho palikuwa na michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivishwa taji la majani. Basi aliposema taji liharibikalo, wasomaji wake walikuwa wameliona likinyauka. Anayetaka aya ya masafa aende Waebrania 12, kwenye saburi. Huko pia tunaambiwa tuweke kando kila mzigo mzito, na wanariadha wa Kigiriki walilifanya hilo kikamilifu, maana walikimbia uchi. Hii hatuichapishi kwenye fulana.

Kuna wanaoshika 1 Timotheo 4:8, kwamba kujizoeza mwili kwafaa kidogo, wakamnyamazishia nayo kijana mwenye viatu vya mbio. Kidogo si bure. Waraka wa kwanza kwa Wakorintho huohuo unauita mwili hekalu la Roho Mtakatifu.

Dhana inayonisumbua zaidi ni hii: ile raha inayokujia ukiwa katikati ya safari, miguu ikiwa myepesi na moyo umefunguka, ni Roho Mtakatifu mwenyewe. Zamani tuliambiwa ni endofini, kemikali za mwili zinazotuliza maumivu. Lakini endofini zilizo kwenye damu hazipenyi kirahisi kuingia ubongoni, na siku hizi watafiti wanaelekeza kidole zaidi kwa endokanabinoidi, kemikali ambazo mwili hujitengenezea na ambazo huongezeka damuni mtu akikimbia kwa kasi ya wastani. Asiyeamini Mungu huipata raha hiyo vilevile. Mimi humshukuru Mungu kwa ajili yake kama ninavyomshukuru kwa usingizi mzuri, na sivuki hapo. Ukiifanya kuwa kipimo cha uwepo wake, asubuhi ambayo miguu ni mizito utadhani amekuacha, kumbe hukulala vizuri.

Hapo ndipo huletwa Eric Liddell, mkimbiaji Mkristo wa Uskoti, na ile kauli kwamba Mungu alimuumba na kasi na kwamba akikimbia huihisi furaha ya Mungu. Maneno hayo ni ya filamu ya mwaka 1981 inayomhusu, Chariots of Fire. Yaliandikwa kwa ajili ya mwigizaji. Filamu hiyo pia inamwonyesha akijua akiwa anapanda meli kwamba mchujo wa mita 100 utakuwa Jumapili, siku ambayo kwa imani yake hakukubali kukimbia. Ukweli ni kwamba alijua miezi kadhaa kabla ya Olimpiki ya Paris ya 1924, akajitoa, akafanya mazoezi ya mita 400, na akashinda kwa sekunde 47.6. Kwangu huu ukweli ni mzito kuliko sinema: imani yake ilikuwa kwenye uamuzi uliofanywa mapema, bila muziki. Mwaka uliofuata alikwenda China kuwa mmisionari, na alifia huko Februari 1945 katika kambi ya Wajapani waliyofungiwa raia wa kigeni. Walioishi naye kambini wanasimulia kwamba vijana walipokuwa wakipigana katika mchezo wao wa Jumapili, yeye, Liddell yuleyule, alikubali kuwa mwamuzi.

Na mwenye imani hajeruhiwi? Ryan Hall wa Marekani, aliyekimbia maratoni ya Boston mwaka 2011 kwa saa 2:04:58 na ambaye hakuficha kwamba kocha wake ni Mungu, alistaafu Januari 2016 akiwa na miaka 33, mwili umechoka kabisa. Mfupa wenye ufa unataka wiki kadhaa za kupumzika, hata kama kanisa zima limekesha.

La mwisho ni kwamba mbio ndefu ni mchezo wa wapweke. Anayesema hivyo ameona siku ya mashindano tu. Kilomita nyingi za mazoezi hukimbiwa polepole, na kipimo cha zamani cha mwendo huo ni kwamba uweze kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Kwa hiyo watu huongea. Wanaongea wakiwa bega kwa bega, macho barabarani, na nimesikia maungamo humo ambayo yasingetoka kwenye viti vilivyopangwa duara. Simu ziko mbali. Hakuna anayeweza kusingizia kikao kingine.

Ila ushirika huu una kasoro yake: una mlango mwembamba. Bibi mwenye magoti mabovu haingii, wala mgonjwa, ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kukimbia pamoja Jumapili kunatosha badala ya ibada. Nililijua hilo nilipopata ufa kwenye mfupa wa muundi. Sikukimbia karibu miezi miwili. Nilikuja hivyohivyo, nikakaa na funguo na masweta ya wenzangu. Waliporudi wakawa wananyoosha misuli huku wakinisimulia walipofikia, na mazungumzo yaliyokatikia mlimani yakamaliziwa pale chini nilipokaa mimi.