Kwa nini mtu wa kawaida huanza kuweka akiba ya dharura

Wengi wanaofika kwenye mafunzo ya kujiandaa na maafa huingia wakiona haya kidogo. Hawataki kuonekana watu wa kupenda mikosi, wale wanaochimba mahandaki na kungoja mwisho wa dunia. Ukiwauliza wameweka nini, majibu ni ya kawaida mno: maji, tochi, vyakula vya kopo, dawa za mama. Kinachotushughulisha zaidi sisi tunaofundisha ni kilichowafanya waanze, maana majirani zao walisikia taarifa zile zile na hawakuweka hata kiberiti.

Jibu la haraka ni hofu, na lina ukweli wake. Ila hofu peke yake haimfikishi mtu mbali. Nadharia iliyoanzishwa mwaka 1975 na mwanasaikolojia wa Marekani, Ronald Rogers, na kupanuliwa baadaye, inasema kwamba mtu anapokabiliwa na tishio hupima mambo mawili. La kwanza ni hatari yenyewe: ni kubwa kiasi gani, na inaweza kunifika mimi? La pili ni kinga: ipo hatua inayosaidia, na je, naiweza? Mtu akiiona hatari lakini asione la kufanya, hofu humkimbiza badala ya kumwamsha. Atazima redio, atageuza mazungumzo, atasema litakalokuwa na liwe. Ndiyo maana matangazo yenye picha za nyumba zilizosombwa huzaa maongezi mengi na maandalizi kidogo. Aliyeambiwa "mvua kubwa zinakuja, chukueni tahadhari" hajui aanzie wapi. Aliyeambiwa "jaza madumu matatu leo" anajua.

Kuna msukumo mwingine ambao kwa maoni yangu ndio wenye nguvu kuliko yote, nao hautajwi sana: mtu kuwa na anayemtegemea. Anayeishi peke yake, mwenye afya, hujiambia kwamba siku ikifika atajua la kufanya. Mwenye mtoto mchanga hawezi kusema hivyo. Wala hawezi anayemuuguza mgonjwa wa kisukari. Yeye anajua zimebaki dozi ngapi za insulini, kichupa kilichofunguliwa kinaharibika lini, na kwamba jokofu likizimika, joto kali linaweza kuipunguzia dawa ile nguvu. Akilini mwake hakuna tetemeko wala kimbunga, kuna mgonjwa wake siku ya pili bila umeme. Watu wa namna hii ndio hujiandaa vizuri, kwa sababu wanaanza na hitaji la mtu fulani ndipo wanunue vitu.

Kisha kuna kuonja. Akili ya binadamu imezoea kuamini kwamba kesho itafanana na leo. Maji yakitoka bombani kila asubuhi kwa miaka kumi, wazo la bomba kukauka halina mahali pa kukaa kichwani. Linapata mahali siku linapotokea, hata kwa saa chache. Machi 2025 Umoja wa Ulaya ulitangaza mkakati unaozihimiza kaya ziweze kujitegemea kwa saa 72 bila msaada, na wapo waliolifanyia mzaha. Mwezi mmoja baadaye, mchana wa Aprili 28, umeme ulikatika karibu Hispania bara yote na Ureno. Treni zikasimama njiani, taa za barabarani zikazimika, mashine za kulipia kwa kadi zikawa mapambo, na mawasiliano ya simu yakayumba. Vilivyotafutwa siku ile ni redio ndogo ya betri, tochi, na pesa taslimu. Kufikia asubuhi iliyofuata umeme ulikuwa umerudi sehemu kubwa, lakini waliokwama mbele ya duka na kadi isiyofanya kazi walikuwa wameshajua kwamba noti chache ndani ya nyumba nazo ni akiba.

Msukumo wa mwisho ni kuona wenzako wananunua, na hapa pana ugomvi wa kweli, kwa sababu watu huchanganya kuweka akiba na kufagia duka. Mwishoni mwa 1973, wakati wa mgogoro wa mafuta duniani, uvumi ulienea Japani kwamba karatasi za chooni zingeadimika. Akina mama wa eneo la Osaka wakapanga foleni, rafu zikaisha, picha za rafu tupu zikaonekana, na miji mingine ikafuata. Miaka 25 kabla ya hapo mwanasosholojia Robert Merton alikuwa ameshaelezea hali hiyo: utabiri wa uongo unaogeuka kweli kwa sababu watu waliuamini. Wahenga wetu walilisema kwa maneno machache, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoanza kusambaa, mambo yalijirudia katika nchi nyingi, na kwa bidhaa ile ile.

Tusiharakishe kuwaita wanunuzi hao walafi. Chukua mfano wa duka linalohudumia kaya 300, kila moja ikinunua paketi moja kwa wiki, na ghalani mna paketi 400. Hapo duka limejitosheleza. Siku moja kila kaya ikiamua kuchukua mbili badala ya moja, mahitaji yanakuwa 600. Kaya 200 za kwanza zitamaliza zote, na 100 zitarudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna mlanguzi hapo, hakuna aliyejaza gari. Kila mmoja ameongeza paketi moja tu, na kwa hesabu yake mwenyewe hakukosea: akijua wenzake watanunua, kungoja ndiko kungekuwa upumbavu. Maduka ya siku hizi hayaweki shehena kubwa nyuma ya pazia; huagiza kwa kadiri yanavyouza, na mwendo wa malori hauongezeki kwa sababu watu wamepata hofu Jumanne asubuhi.

Tofauti basi ni wakati. Kopo mbili za ziada zilizonunuliwa katika mwezi wa utulivu hazimnyimi mtu yeyote, kwa kuwa duka linaagiza nyingine. Kopo hizo hizo zikinunuliwa saa sita baada ya tangazo la kimbunga, zinatoka mkononi mwa mwingine. Aliyejiandaa mapema hayumo kwenye foleni ile kabisa.

Serikali kadhaa zimeelewa hivyo, na sauti yao ina kazi yake: huondoa aibu. Uswidi ilianza kuwapa raia kijitabu cha namna ya kujikimu wakati wa vita mwaka 1943. Toleo jipya lilipelekwa kwenye nyumba zaidi ya milioni 5 kuanzia Novemba 2024, likiwataka watu waweze kujimudu angalau wiki moja. Sababu inayotolewa ni ya kawaida kabisa: baada ya janga waokoaji huanza na walio hatarini zaidi, na barabara zenyewe huchukua muda kufunguliwa. Kaya inayoweza kukaa siku tatu kwa vyake inaliachia gari la wagonjwa liende kwa asiyeweza.

Pana jambo moja ambalo vijitabu hivyo hulipita haraka. Ushauri wa kuweka chakula cha wiki humkuta mtu anayenunua chakula cha siku. Kumwambia anunue mara saba ni kumkejeli. Ila maji karibu kila mwenye chombo safi chenye mfuniko anaweza kuyaweka, na ndiyo yanayotangulia: mtu hustahimili njaa siku nyingi kuliko kiu. Mwongozo wa Marekani ni karibu lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na usafi mdogo. Familia ya watu watano kwa siku tatu inahitaji lita 60, yaani yale madumu matatu ya lita 20. Kinachofuata ni kuongeza kitu kimoja kila mwisho wa mwezi, kile kile mnachokula siku zote.

Nasisitiza kile mnachokula, kwa sababu ari ya kuanza huchuja. Marekani imeonekana kwamba watu hukata bima ya mafuriko baada ya mafuriko, na miaka michache tu baadaye wengi huiacha. Akiba nayo ni hivyo. Sanduku lililojazwa kwa hofu na kusukumwa uvunguni hufunguliwa baada ya miaka miwili likiwa na betri zilizovuja na dawa zilizopitwa na wakati. Wanaosema akiba haiozi hawajalifungua. Cha zamani kikae mbele, kitumike kwanza, kipya kiingie nyuma. Kwa dawa, ombeni mhudumu wa afya awape mapema kidogo kabla ya zilizopo kuisha, ili siku zote pawe na za wiki moja zaidi.

Na kabla hamjaweka mkaa au kununua jenereta, kubalianeni vitawashwa wapi. Februari 2021 baridi kali ilipokata umeme Texas, Marekani, miongoni mwa waliofariki walikuwamo waliovuta kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu inayotolewa na moto wa mkaa na jenereta, wakijaribu kupata joto ndani ya nyumba iliyofungwa. Mkaa na jenereta ni vya nje, mbali na madirisha; hata kukinyesha visiwashwe ndani.