Umeme wa ziada wa sola ni upi, na unachemshaje maji ya kuoga

Mwezi wa saba Tabora asubuhi sio mchezo. Watu wa pwani ukiwaambia huku kuna baridi wanacheka, ila walale Ipuli usiku mmoja tu alafu waamke saa kumi na moja na nusu wakaoge maji yaliyolala nje kwenye simtenki, watajua. Kipimajoto kinasoma nyuzi 15, kuna siku chini ya hapo, na watoto wanaenda shule, kwaiyo lazima mtu awashe jiko la mkaa. Alafu siku hiyohiyo ikifika saa saba mchana jua linawaka mpaka mabati yanalia, mbingu haina hata wingu moja maana mvua zetu ziliisha mwezi wa nne na zinarudi mwezi wa kumi na moja.

Sasa kwenye hiyo nyumba ya baridi asubuhi na jua kali mchana, kama una sola juu ya bati, kuna kitu kinaitwa umeme wa ziada. Watu wengi wanalisikia hilo neno na wanalielewa vibaya, hata mimi nililielewa vibaya karibu mwaka mzima.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, siku moja kaangalia paneli zangu akaniuliza, "Baba, betri yako ikijaa, huo umeme unaobaki unamwagika wapi?" Swali zuri sana hilo. Anawaza simtenki, likijaa maji yanafurika yanamwagika chini. Umeme wa sola haufuriki. Betri ikishajaa kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, inaizuia paneli isitoe, inaibana mpaka itoe kile kidogo tu ambacho nyumba inatumia dakika hiyo. Jua linaendelea kuipiga paneli kama kawaida lakini badala ya kugeuka umeme linaishia kuwa joto kwenye kioo cha paneli tu. Hakuna kilichomwagika kwa sababu hakuna kilichotoka.

Kwaiyo ziada ni umeme ambao paneli zako zingeweza kutoa na hazikutoa kwa sababu hakuna aliyeuomba. Chukua Hiace ya kwenda Nzega, imeondoka stendi na siti nne tupu. Zile siti huwezi kuziweka stoo ukauza kesho, gari likishaondoka zimekwisha. Konda mwerevu anafanyaje? Anapakia gunia la mtu kwenye siti tupu kwa hela kidogo, mradi abiria akitokea njiani gunia linahamishwa. Maji ya moto ndo hilo gunia.

Ukitaka kuamini kama unayo ziada usiulize mtu, angalia kioo cha kontrola yako saa saba mchana siku yenye jua. Mimi nina paneli 4 za wati 300, jumla wati 1200. Mchana wa kiangazi nakuta kontrola inasoma wati 90, na pembeni imeandika floti, maana yake betri imejaa inapewa kidogo tu isishuke. Mtu asiyejua anasema paneli zimechoka, fundi kaniuzia feki. Washa pasi. Ndani ya sekunde chache namba inaruka mpaka mia nane, mia tisa. Hiyo tofauti kati ya 90 na 900 ndo ziada yako, ilikuwepo muda wote inasubiri kuitwa. Haifiki 1200 kwa sababu wati za kwenye lebo zimepimwa maabara paneli ikiwa na nyuzi 25, na paneli juu ya bati la Tabora saa saba mchana iko mbali sana na 25, na paneli ikipata joto inapungua nguvu.

Kwangu betri zinajaa kama saa tano hivi, maana usiku tunatumia taa, tv, simu na friji ndogo. Kuanzia hapo mpaka saa tisa na nusu nina ziada, na nikijumlisha inakuja karibu uniti 3 kwa siku, uniti hizihizi za luku. Mwenye paneli moja ya wati 150 na taa tatu hana ziada ya kusema, huyo aache kabisa hii habari asije akalala giza kwa ajili ya maji ya kuoga.

Mbona maji na sio kununua betri zaidi? Hapa inabidi tupige hesabu kidogo. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja unahitaji umeme wa wati-saa 1.16 (wati-saa 1000 ndo uniti moja). Pipa la lita 60, maji yametoka bombani na nyuzi 22, unataka yafike 60, hiyo ni kupanda nyuzi 38. Zidisha 60 kwa 38 kwa 1.16 unapata kama wati-saa 2650, yaani uniti mbili na nusu na ushee. Betri ya kawaida ya maji au jeli ya 12V 100Ah ukiijaza yote ina uniti 1.2, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, kwaiyo unabaki na 0.6. Ili uhifadhi ile ziada kwenye betri unahitaji betri nne na zaidi za namna hiyo, ambazo baada ya miaka michache zinakufa unanunua tena. Pipa lenyewe halifi kirahisi hivyo. Na lita 60 za nyuzi 60 ukizichanganya na maji ya baridi mpaka nyuzi 40 za kuogea unapata lita zaidi ya 120, yaani ndoo kubwa sita. Nyumba ya watu sita kila mtu na ndoo yake.

Ubaya ni kwamba umeme ukishageuka joto haurudi kuwa umeme, huwezi kuangalia mpira kwa maji ya moto. Ndo maana inaitwa ziada, unaanza na vitu vyote muhimu kwanza, maji yanakula mwisho.

Nimeona watu wanauliza kama wakinunua paneli kwa ajili ya kuchemsha maji tu itakuwa vizuri. Mimi nasema hapana. Paneli ya umeme inageuza kama asilimia 20 ya jua kuwa umeme, wakati hita ya jua yenyewe, ile ya mirija ya vioo na tangi juu ya paa, inakamata asilimia 50 na kupanda ya jua lilelile kuwa joto. Hata simtenki jeusi peke yake, fungua koki saa tisa mchana uone maji yanavyotoka ya vuguvugu bila koili ya umeme ya kupasha maji wala waya. Kama huna paneli na unachotaka ni maji ya moto tu, nenda na mirija au pipa lililopakwa rangi nyeusi. Habari ya ziada ni ya mtu ambaye paneli anazo tayari na zinakaa bure mchana.

Wenzetu waliolivalia njuga hili jambo ni Waingereza, ila kwao sababu ni nyingine kabisa. Mwaka 2010 serikali yao ilianza mpango wa kuwalipa wenye paneli majumbani, na nyumba nyingi hazikuwa na mita ya kupima umeme unaotoka kwenda gridi, yaani nyaya za umeme wa taifa, kwaiyo ikakadiriwa tu kwamba nusu ya umeme uliozalishwa umetoka, wakalipwa kwa hesabu hiyo. Sasa mtu analipwa ile nusu hata kama ameutumia wote mwenyewe, si atautumia! Wengi tayari walikuwa na tangi la maji lenye koili ndani ya nyumba, basi wakatengenezewa vifaa vyenye klempu inayofungwa kwenye waya mkuu, ikisikia umeme unataka kutoka nje inausukuma kwenye koili, wati kwa wati. Mpango ule ulifungwa kwa wateja wapya mwaka 2019 lakini vifaa bado vinauzwa. Usiagize kwa kuona video tu. Vile vinahitaji nyumba iliyounganishwa na gridi, ambayo sola yake inasukuma umeme nje, na sola zetu nyingi huku ni za betri, hazisukumi kitu nje, hiyo klempu itasubiri mpaka izeeke.

Kwa sola ya betri unachohitaji ni kitu cha kutambua betri imejaa, basi. Mimi natumia rilei ya volti, swichi inayojiwasha na kujizima kwa kuangalia volti za betri. Mfumo wangu ni wa 12V, nimeiambia ikiona betri imefika 13.8 iwashe koili, ikishuka 13.0 izime. Wingu likipita volti inashuka haraka, koili inazima, jua likirudi inawaka. Mara ya kwanza niliweka ya kuzimia 12.0 nikiona nabana matumizi, kumbe nimeiruhusu koili iinywe betri mpaka magharibi. Siku hiyo maji yalikuwa ya moto kweli, lakini saa tatu usiku inveta, mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, ikaanza kulia, friji ikazima, na mke wangu akaniuliza kwa upole kabisa kama samaki tutawachemsha kwenye pipa. Mwenye betri ya lithiamu asifuate namba zangu, volti ya lithiamu inakaa palepale muda mrefu haikuambii kitu, huyo atumie asilimia ya chaji inayosomwa na betri yenyewe, na inveta nyingi za siku hizi zina swichi ya ndani ya kazi hiyo.

Koili nayo isizidi ziada. Zile shawa za umeme za bafuni zinakula wati 5000 na zaidi, sahau. Hita ya kuchovya kwenye ndoo ni wati 1000 mpaka 1500, bado kubwa kwangu. Ujanja ni kuunga koili mbili za wati 1000 kwa kufuatana, moja baada ya nyingine kwenye njia moja, kila moja inapata nusu ya volti na jumla zinakula kama wati 500. Zinachelewa, zinachukua mchana mzima, lakini nani ana haraka? Maji nayataka alfajiri.

Kuna wanaochukua paneli moja wakaiunga moja kwa moja kwenye koili ya DC, yaani umeme wa kwenda upande mmoja kama wa betri, bila kontrola. Inafanya kazi, ila jua likipungua nusu nguvu ya koili haipungui nusu, inabaki robo, kwa sababu koili haijirekebishi. Na hapo kuna hatari ambayo lazima niiseme kwa herufi nzito kama ningeweza. Umeme wa kawaida wa AC, huu wa Tanesco, unagusa sifuri mara 100 kwa sekunde, kwaiyo cheche kwenye swichi inakatika yenyewe. DC haigusi sifuri. Themostati ya AC, ile swichi inayozima maji yakifika joto ulilopanga, ukiipitisha DC ya paneli, cheche haikatiki, vibati vya ndani ya swichi vinagandana, koili haizimi tena na maji yanachemka bila mtu kujua. Kama tangi limefungwa halina valvu ya kutolea mvuke hilo ni bomu. Pipa langu liko wazi juu, lina mfuniko tu wa kuegesha, na themostati inaamrisha rilei, haipitishi yenyewe umeme wa koili. Pia kuna waya wa ethi na breka inayokata umeme ukivuja, na hakuna anayechota maji koili ikiwa inawaka. Hii kazi mpe fundi umeme anayejua, usimpe kijana wa kuchaji simu. Na maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtoto kwa sekunde chache, changanya kwanza kwenye ndoo, baridi inatangulia.

Kitu kingine ni kutunza joto lisikimbie usiku, maana kutoka saa tisa mchana mpaka alfajiri ni masaa 14. Pipa tupu la chuma likikaa nje utakuta vuguvugu la kukatisha tamaa. Mimi nimeweka pipa dogo ndani ya pipa kubwa, katikati nimejaza pumba za mpunga, na hizo mashineni Nzega au Igunga zinatupwa tu. Zikiwa kavu zinashika joto vizuri, zikilowa hazifai, kwaiyo funika juu na nailoni.

Kwenye hela sasa. Kama ungechemsha lita hizo 60 kila siku kwa luku, ni karibu uniti 80 kwa mwezi. Aliye kwenye tarifu ndogo ya Tanesco, ile ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, kwaiyo maji peke yake yanakutoa kwenye tarifu na kukupeleka kwenye ile ya karibu mara tatu. Kwa mkaa, ndoo moja ya kuoga inakula kama theluthi ya kilo kwenye jiko la kawaida, piga mara sita mara siku 30 uone ni kilo ngapi kwa mwezi.

Ila mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, wingu linakaa siku mbili tatu, betri zenyewe hazijai, rilei inakaa kimya. Maji yanakuwa ya baridi na mtu anarudi jikoni kuwasha mkaa, na hapo ndo yule mama jirani anapita anachungulia uani ananiuliza, "Baba, leo ziada imeenda wapi?"